Kufukua Singeli

Kwenye kibanda changu cha simu, hapa Bariadi nyuma ya soko, nimebandika karatasi tatu ukutani. Ya kwanza inasema usiegemee kioo. Ya pili inasema usiegemee kioo. Ya tatu niliiandika kwa wino mwekundu na nayo inasema hivyo hivyo, kwa sababu kioo cha meza yangu kina ufa tangu mwaka juzi, na watu wa huku wakiona kioo wanaona mahali pa kupumzishia viwiko. Mzee Mashimba alipoingia alasiri ile aliegemea kwa viwiko vyote viwili. Akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani mama, akangoja niitikie, nikaitikia. Kisha akavua kofia, akatoa memori kadi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, akasema ana wimbo anataka niufukue.

Nilimuuliza kuufukua ndiyo kuufanyaje. Mimi kazi yangu ni kurusha nyimbo. Mtu analeta kadi yake, anataja anachotaka, namrushia kutoka kwenye kompyuta, anaondoka. Narusha injili, narusha kaswida, narusha ngoma za Kisukuma za kinanda zinazochukua dakika kumi na mbili kumsifia mfugaji mmoja. Na narusha singeli, ule muziki wa kompyuta kutoka Dar unaokimbia kama mtu aliyekumbuka ameacha maharage jikoni. Singeli ndiyo iliyonizeesha. Mteja hachukui kadi bila kuijaribu kwanza, na haijaribu kwa sauti ndogo. Nina miaka thelathini na minne, lakini nikifika nyumbani mwili unakaa na moyo unaendelea kukimbia.

"Kuna kitu kimefukiwa humo," Mzee Mashimba akasema, akiigonga kadi kwa ukucha. "Wewe una mashine. Fukua."

Mkewe, Bi Kwandu, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na kikapu chake, anakula karanga. Alisema bila kugeuka kwamba yeye hayumo katika upuuzi huo, amekuja mjini kununua chumvi.

Mimi si Msukuma. Marehemu baba yangu alitoka Kondoa na cherehani moja, akaishia hapa, akanipa jina la Rehana na kuniachia kibanda. Lakini nimezaliwa hapahapa, na mambo ya ngoma nayajua nipende nisipende, kwa sababu pamba ikishauzwa wateja wangu hawana habari nyingine. Makundi mawili yanashindana kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, moja upande huu na jingine upande ule. Hakuna hakimu, hakuna alama. Watazamaji ndio wanaoamua, na wanaamua kwa miguu: wakivutiwa na wa kule, wanahama. Jua likishuka, aliyebaki na watu wengi ameshinda. Ndiyo maana kila manju, yaani kiongozi na mtunzi wa kundi, ana dawa yake ya mvuto, na dawa hiyo hufukiwa uwanjani kabla ya siku yenyewe. Mpinzani naye hutuma watu wake wakaifukue. Mwaka mmoja walifukuana mpaka uwanja wa Sapiwi ukawa unangojea mbegu za viazi tu.

Mzee Mashimba amekuwa manju huko Sapiwi kwa miaka thelathini. Kundi lake linacheza na majembe. Wachezaji wanajipanga mstari, wanayarusha juu, wanayadaka, wanayazungusha, wanalima hewa kwa pamoja jinsi watu wa zamani walivyolimiana mashamba kwa ngoma. Hapo mwanzo mpiga ngoma wake alikuwa jirani yake, Constantine, mpaka siku waliyogombana kuhusu nani atangulie kuingia uwanjani. Ugomvi wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kuusimulia. Constantine akaanzisha kundi lake ng'ambo ya korongo, na kwa miaka mingi wakawa wanapokezana ushindi, leo huyu kesho yule, bila mtu kulazwa kwa presha.

Kisha, mwaka juzi, Constantine akauza ng'ombe kadhaa, akanunua jenereta na spika mbili zinazomfika mtu begani, akamleta kijana wa singeli kutoka Dar aitwaye Tajudin. Mwaka ule watu walimhama Mashimba kabla hajafika ubeti wa pili. Mwaka jana kijana akatunga wimbo hapohapo Sapiwi, ukaitwa "Konsta Juu", ukawa balaa. Ulipigwa harusini, ulipigwa kwenye bodaboda, na, Mungu anisamehe, mimi mwenyewe nimeurusha kwenye kadi zisizopungua mia nne. Hakuna aliyeyashika maneno yake, yalipita kasi mno. Kilichosikika ni "Konsta" tu, kila baada ya muda, na kila jina lilipotokeza, Constantine alisimama mbele ya spika na kunyoosha mikono juu kama aliyefunga goli.

Wachezaji wa Mashimba walikuwa arobaini, wakabaki kumi na saba. Hata Nathanael, mpiga ngoma aliyekuja baada ya Constantine, alivuka korongo. Siku hizi anabeba madumu ya mafuta ya jenereta na anasema ana cheo. Mwaka huu, kwenye ghala la pamba, Constantine akamuuliza Mashimba mbele ya watu kama atacheza au atakuja kutazama tu. Mzee akapandwa na hasira, akatamka maneno yaliyofika mjini kabla ya pamba yenyewe. Alisema akishindwa mara ya tatu atamkabidhi Constantine majembe yote, na yeye mwenyewe atacheza kwake, mstari wa nyuma. Shindano lilikuwa limebakiza wiki tatu.

Mwaka jana, aliniambia, alituma watu wakachimba chini ya spika zote mbili. Walipata kifuniko cha soda na mfupa wa samaki. Mfupa aliupeleka kwa mtaalamu, na mtaalamu, baada ya kuuchunguza sana, akasema ni mfupa wa samaki. Tangu hapo mzee alikuwa akiwaza, na jibu alikuwa amelipata. Kama dawa haimo ardhini, imo kwenye wimbo.

"Mtu aimbe haraka namna ile kwa nini, kama hana anachoficha?" akaniuliza. "Punguza mwendo, tuone."

Nilitaka kujizuia nisicheke, nikashindwa. Lakini hoja yake ilinikaa. Mimi niliyekuwa nimeurusha wimbo ule mara mia nne sikuwahi kujiuliza unasema nini, na kwenye kompyuta yangu kuna programu ya zamani yenye kitufe cha mwendo ambacho sijawahi kukigusa. Nikachomeka kadi. Nikashusha mwendo mpaka robo tatu.

Sauti ya Tajudin, ambayo siku zote ni kali kama filimbi, ilishuka ikawa ya mtu mzima mwenye mafua. Maneno yakaanza kutoka moja moja, na kila moja lilisikika vizuri kabisa.

*Asubuhi michembe, mchana michembe,*
*nikilala naota natafuna michembe.*
*Konsta ana ng'ombe, Konsta ana mbuzi,*
*mwezi wa pili huu sijaonja mchuzi.*
*Konsta kanilaza stoo ya pamba,*
*pamba inawasha, mwenye pamba anakoroma.*

Nikasimamisha. Tukatazamana. Nikarudisha nyuma, tukasikiliza tena, na tena. Mzee Mashimba akaondoa viwiko kwenye kioo kwa mara ya kwanza, akashika mbavu, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamletea maji. Bi Kwandu peke yake hakucheka. Alisema kijana wa watu, mgeni, kulishwa viazi vikavu miezi miwili si jambo la kuchekesha. Mimi mwenyewe napenda michembe, hasa ikiungwa kwa karanga, lakini kwa mtoto wa Dar naweza kuelewa ilivyomkwama kooni.

Kilichoniua ni kumfikiria Constantine. Msimu mzima mtu huyu alikuwa akinyoosha mikono mbele ya umati, anashangilia habari za uchoyo wake mwenyewe, tena kwa spika alizozinunua. Nikamwambia Mzee Mashimba kazi imekwisha. Nitaiweka hii ya polepole kwenye spika, tutaipiga uwanjani siku ya shindano, na Constantine hatapata pa kuficha uso. Niliisema kwa furaha kubwa, maana nina roho mbaya kidogo na sioni aibu kuikiri.

Akakataa. Alisema watu watacheka sana, halafu wakishacheka watarudi kucheza kulekule. Kucheka hakumhamishi mtu, alisema, na yeye alikuwa anataka watu wahame. Zaidi ya hayo dawa yenyewe hatujaiona bado. Hayo ni malalamiko ya tumbo tu. "Shusha tena," akasema.

Nikashusha mpaka nusu.

Hapo sauti ya kijana ikawa mnguruno usioeleweka, na kilichobaki mbele ni kinanda. Ile milio iliyokuwa ikipita kwa vurugu ikawa wimbo. Ulipanda taratibu, ukakaa kidogo juu, ukashuka kwa hatua tatu, ukapanda tena. Chini yake mdundo ulikuwa ukianguka kwa uzito, na baina ya pigo na pigo palikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi. Niliwaza kwamba hata mimi ningeweza kuupenda. Nikamtazama mzee nimwambie hivyo, nikaona amekunja kofia yake mikononi na uso umembadilika.

Nje, kutafuna karanga kulikuwa kumekoma. Bi Kwandu akaanza kuimba kwa Kisukuma, sauti ndogo ya mtu anayefanya kazi zake, na kila alichoimba kinanda kilikuja nyuma yake kikikubali. Alifika mwisho wa ubeti kabla ya kompyuta.

"Huo wimbo ni wangu," akasema kutoka kwenye benchi.

Na kweli ulikuwa wake. Mashimba aliutunga walipokuwa wachumba, msimu mmoja walipolima mstari mmoja shambani kwa baba yake Kwandu, na Kwandu akamwacha nyuma mbele ya wakwe. Wimbo unasema Kwandu amefika mwisho wa shamba, mimi bado niko katikati, mwambieni aniachie hata magugu. Ndio wimbo uliompa umanju. Kila kundi lake linapofanya mazoezi jioni, ndio wa kwanza kupigwa. Na ng'ambo ya korongo, kwenye stoo ya pamba, alikuwa amelala kijana mwenye njaa na kompyuta, anasikiliza kila jioni. Hakuwa na kitu kingine cha kusikiliza. Akauchukua, akauongeza mwendo mara mbili, akaweka juu yake habari za michembe.

Mzee Mashimba alikaa chini kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Kwanza alikasirika, akasema ni wizi, atakwenda kwa mtendaji. Kisha hasira ikamwishia, akabaki mzee tu, amechoka, na nikamhurumia kuliko nilivyotarajia.

"Kumbe watu hawakunihama kwenda kwa Konsta," alisema. "Walinihama kwenda kwangu. Nimeshindwa na mimi mwenyewe, mayu."

Nikabonyeza kitufe ili kuzima, nikakosea, mwendo ukarudi wa kawaida, na "Konsta Juu" ikalipuka kibanda kizima kwa ile kasi yake ya kichaa. Nikakimbilia kushusha sauti. Bi Kwandu alikuwa mlangoni sasa, bado anaimba, bado anapiga kisigino chini kwa mwendo wake uleule wa polepole. Hakuongeza haraka hata kidogo. Na kisigino chake kilikuwa kinaangukia ndani ya mdundo, pigo lake moja kwa mapigo mawili ya spika, kikienda sawasawa kabisa. Nikanyoosha mkono nizime.

"Iache ikimbie," akasema. "Mimi nakwenda mwendo wangu."

Mzee Mashimba akatazama miguu ya mkewe. Akatazama kompyuta. Akatazama tena miguu. Kisha akasema neno ambalo lilinichukua dakika nzima kulielewa. Alisema tangu Constantine aondoke hajawahi kupata mpiga ngoma asiyekimbia, na sasa Nathanael naye kaondoka, na yeye alikuwa akilia hana mpiga ngoma. Kumbe Konsta amemtafutia, tena wa umeme.

Waliondoka na wimbo kwenye kadi, wa mwendo wa nusu na wa mwendo wa kawaida, wafanyie mazoezi. Chumvi waliisahau. Bi Kwandu alirudi kesho yake kuinunua, na akanunua pia samaki, sato wawili wakubwa wa Lamadi. Niliuliza ni wa sherehe gani. Alisema ni wa yule mtoto wa stoo. Baadaye nilisikia samaki aliwapeleka mchana kweupe, na ugali kwenye beseni, akakaa akamwangalia anavyokula, na alipomaliza akamwomba jambo moja tu. Siku ya shindano aupige ule wimbo, na akishauanza asiukatize. Kijana aliyekula sato baada ya miezi ya michembe angeweza kuahidi kuhamisha mlima.

Siku yenyewe nilifunga kibanda nikapanda bodaboda mpaka Sapiwi. Uwanja ulikuwa umejaa. Upande wa Constantine palikuwa na spika, jenereta na vijana mia tatu wakingojea. Alikuwa amekuja na mkokoteni wa ng'ombe wawili, na alipoulizwa wa nini alijibu kwa sauti kwamba majembe ya watu kumi na saba ni mzigo, na Mzee Mashimba si wa kubebeshwa mzigo siku kama ya leo. Watu wakacheka sana. Upande wa Mashimba palikuwa na mstari wa watu kumi na saba, majembe kumi na saba, na ngoma hata moja haikuwepo.

Watu walipoona hakuna ngoma, minong'ono ilizunguka uwanja mzima kwamba mzee ameshakata tamaa. Constantine akavuka mwenyewe kuja kumsalimia, akamuuliza kwa upole, maana ushindi humfanya mtu mpole, kama angependa majembe yapakiwe kabla ya ngoma au baada. Mzee Mashimba akasema baada.

Tajudin akawasha. Akapiga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, vumbi likapanda, na watu wote wakawa kule. Kumi na saba wa Mashimba wakasimama kimya, wameegemea majembe yao kama vibarua wanaongoja msimamizi. Hata mimi nilisimama kule kwa Constantine, nakiri, kwa sababu kusimama peke yangu upande wa watu wasiofanya kitu niliona aibu. Kama kijana angesahau, basi mzee yule angekabidhi majembe mbele ya watu wote, aende mstari wa nyuma, na mimi ndiye niliyemtia tamaa kwa kitufe changu.

Wimbo wa nne ulikuwa "Konsta Juu".

Vijana wakapiga mayowe. Constantine akanyoosha mikono. Na upande wa pili majembe kumi na saba yakapanda kwa pamoja, yakakaa juu muda mrefu, yakashuka. Yakapanda tena. Pigo moja kwa mawili. Bi Kwandu akatoka mbele ya mstari akaanza kuimba wimbo wake, na sauti za wenzake zikampokea, na zile spika mbili kubwa za Constantine zikawa zinawapigia kinanda na ngoma bila kukosea hata mahali pamoja.

Walioshtuka kwanza ni kina mama wa makamo. Walikuwa wamesimama kwa Constantine wakilinda mabinti zao, na nikawaona wanageuza shingo mmoja mmoja. Wimbo ule waliujua, waliulimia wakiwa wasichana. Mmoja akasema, "Kumbe ndio huu," akaondoka. Wakamfuata. Kisha wazee. Kisha vijana wenyewe wakaanza kutazama huku na huku, maana masikio yalikuwa yanapata kitu kimoja na macho yanakiona kule ng'ambo, kikubwa, cha taratibu, kila jembe likimeta juani kwa wakati mmoja. Walihama bila kuacha kucheza. Wakawa wanatikisika haraka kiunoni na kutembea polepole miguuni, jambo ambalo sijawahi kuliona na sijui kulieleza vizuri.

Constantine alichelewa kuelewa. Alikuwa bado amenyoosha mikono alipogundua mbele yake kumebaki watoto watatu na mbuzi. Akaagiza muziki uzimwe. Tajudin alitikisa kichwa, akasema ameahidi. Constantine akaenda kwenye jenereta akaizima mwenyewe.

Kimya kilikuwa cha dakika moja, na kilimponza. Majembe hayakusimama. Bila spika, wale waliokuwa wamesitasita hawakuwa tena na sababu ya kubaki, wakaja wote. Alipoona hivyo akawasha jenereta tena kwa papara, na wimbo ukarudi pale ulipoishia, ukawaangukia Mashimba na watu wake kama zawadi. Akizima, anabaki peke yake. Akiwasha, anampigia Mashimba. Alizima na kuwasha mara nne. Mara ya tano Nathanael, aliyekuwa ameshika dumu la mafuta, aliliona tupu, akaligeuza, akaanza kulipiga kwa viganja akielekea kwetu, akikimbiza kidogo kama kawaida yake.

Jua liliposhuka hapakuwa na haja ya kuangalia nani ana watu. Mzee Mashimba alilia wazi, akijifuta kwa kofia, na mkewe alimwambia aache, watu watadhani ameshindwa. Mkokoteni ulirudi na spika.

Nilidhani habari imeishia hapo. Hapa mjini ilizungumzwa wiki nzima, na mpaka leo wapo wanaosema kwa uhakika kwamba dawa ilikuwa kwenye samaki. Kisha, alasiri moja, kivuli kikaziba mlango wangu. Constantine akaingia, akatazama nyuma kama kuna aliyemwona, akaegemea kioo changu kwa viwiko vyote viwili. Akanisalimia, nikaitikia. Akatoa memori kadi.

"Mashimba ametia dawa kwenye wimbo wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nasikia wewe unafukua."

Nilimwonya kwamba vinavyofukuliwa havirudi ardhini. Akasema nifukue. Nikashusha mpaka robo tatu.

Aliusikiliza ubeti wa michembe mpaka mwisho, kisha akaomba niurudie. Masikio yalimwiva. Hakukasirika jinsi nilivyotarajia, aliumia. Akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyetunga, michembe ya mke wake ina nini, wakati anaikausha mwenyewe na watu wanaiagiza mpaka Maswa. Na hilo la stoo, alisema, stoo ndiyo chumba pekee chenye bati jipya. Nikamwambia mimi ni fundi tu. Akaniomba mkewe asije akaisikia hii, nikamwahidi.

"Dawa yenyewe bado," akasema. "Shusha tena."

Nikashusha mpaka nusu. Kinanda kikaja mbele, kikapanda taratibu, kikakaa juu, kikashuka kwa hatua tatu. Constantine akainamisha kichwa. Ilimchukua ubeti mmoja tu.

"Mtu wa kwanza kuupigia ngoma wimbo huu ni mimi," alisema. "Kabla hatujagombana." Halafu akaongeza, kama anayejitetea, "Sikuutambua. Ulikuwa unakimbia."

Nikamwambia Mzee Mashimba bado hana mpiga ngoma. Ana Nathanael na dumu, na Nathanael anakimbiza. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kugonga kioo, kwanza viwili, halafu vyote, halafu viganja, na kati ya pigo na pigo alikuwa anaacha nafasi ileile, pana, ya kuvuta pumzi. Chaja zikacheza ndani ya meza. Ule ufa wa mwaka juzi ukasogea kidole kimoja kuelekea kwangu, nikauona unavyosogea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwambia asome karatasi ukutani. Nikaufunga, nikamwacha amalize wimbo.